Timu za taifa barafuni: ufuatilie Olimpiki au Kombe la Timu?

Mtu akiniuliza ni nchi gani bora duniani katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa mitindo, humrudishia swali: kwa kipimo kipi? Vipimo ni viwili, na mara nyingi havikubaliani. Cha kwanza ni shindano la timu la Olimpiki, lililoanza Sochi mwaka 2014. Cha pili ni World Team Trophy, shindano la ISU, yaani shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ambalo limekuwa likifanyika Japani tangu 2009. Hilo la pili nitaliita Kombe la Timu, tusichoshane.

Ukiyatazama juujuu ni mapacha. Yote mawili huita mataifa, hukusanya pointi za wanaume, wanawake, jozi (mwanaume na mwanamke, anayemnyanyua na kumrusha) na dansi ya barafuni (wawili pia, ila bila kurushana), kisha huzijumlisha. Lakini kanuni zake za hesabu ni tofauti kiasi kwamba nchi inayong'ara katika moja inaweza hata isialikwe katika jingine. Aliyezoea moja akihamia jingine bila kuelezwa, atadhani waamuzi wamekula njama. Kwa hiyo kama una muda wa kufuatilia moja tu kwa dhati, au unataka kujua lipi litaonyesha nguvu ya nchi unayoishabikia, soma kwanza ulinganisho huu. Nina upande wangu, na sitauficha.

Kufuzu

Olimpiki hupokea timu 10. Kombe la Timu hupokea 6. Ungetarajia basi mlango wa Olimpiki uwe mpana zaidi, na kwa idadi ni kweli. Kwa masharti, sivyo.

Ili nchi iingie kwenye shindano la timu la Olimpiki, watelezaji wake hukusanya pointi katika mashindano makubwa, yakiwemo ya mfululizo wa Grand Prix wa msimu huohuo na ubingwa wa dunia uliotangulia, na nchi hupangwa kwa jumla yake. Hilo peke yake halitoshi. Nchi lazima iwe imepata nafasi za kawaida za Olimpiki, zile za mtu mmoja mmoja au wawili wawili, katika angalau fani tatu kati ya nne. Fani moja ikikosekana, upo utaratibu wa kuongezewa nafasi ya kujaza pengo, na anayeijaza huteleza kwenye timu tu. Mapengo yakiwa mawili, mmeishia hapo, hata mkiwa na bingwa wa dunia.

Nafasi zenyewe hazipatikani kirahisi. Nyingi hugawiwa kutokana na ubingwa wa dunia wa mwaka unaotangulia Olimpiki, na zilizobaki hugombewa miezi michache kabla. Kwa Olimpiki za Sochi 2014, PyeongChang 2018 na Beijing 2022 mabaki hayo yaligombewa Oberstdorf, Ujerumani, kwenye Nebelhorn Trophy. Kwa Olimpiki ya Milano Cortina 2026 yaligombewa Beijing, Septemba 2025. Sasa tazama idadi: Beijing 2022 ilikuwa na nafasi 30 za wanaume na 30 za wanawake, lakini za dansi zilikuwa 23, na za jozi 19 tu. Ukitaka kujua kwa nini nchi fulani haipo kwenye timu, usihangaike kutafuta mbali. Mara nyingi jibu liko kwenye jozi.

Hispania ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, au tuseme unaoniuma zaidi. Javier Fernández alikuwa bingwa wa dunia 2015 na 2016, akachukua shaba ya Olimpiki 2018. Nchi yake haikuwemo kwenye shindano la timu Sochi wala PyeongChang. Kazakhstan ilikuwa na Denis Ten, shaba ya Sochi, nayo haikuwemo. Korea Kusini ilikwenda Sochi na Yuna Kim, bingwa wa Olimpiki wa 2010 aliyeondoka huko na fedha, na timu yake ikabaki kuwa watazamaji. Nyota mmoja hawezi kuibeba nchi kupita mlango huu.

Kombe la Timu halihitaji kufuzu kwa namna hiyo. Matokeo ya msimu mzima huhesabiwa, na nchi sita za juu huitwa kufunga msimu mwezi Aprili, baada ya ubingwa wa dunia. Hakuna shindano la mchujo la dakika za mwisho. Kwa jinsi lilivyo, ungedhani lina nafasi zaidi kwa wageni. Lakini fuatilia majina: 2019, 2021, 2023 na 2025, nchi tano zilikuwa zilezile kila mara, Marekani, Japani, Kanada, Ufaransa na Italia. Kiti cha sita ndicho kilichobadilika. Urusi ilikikalia mara mbili za kwanza, kisha ISU ikaifungia Machi 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine. Korea Kusini ikakirithi 2023, Georgia ikakipata 2025.

Olimpiki, pamoja na masharti yake yote, imeingiza sura nyingi zaidi. Uingereza na Ukraine zilikuwepo 2014, Israeli na Korea Kusini 2018, Georgia na Jamhuri ya Cheki 2022. Kwa mshabiki wa nchi isiyo na jina kubwa barafuni, hapo Olimpiki inashinda bila ubishi.

Pointi zinavyogawiwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye Olimpiki kila fani ina mwakilishi mmoja wa nchi: mwanaume mmoja, mwanamke mmoja, jozi moja, wawili wa dansi. Wote huanza na programu fupi, yaani mtelezo wa kwanza kati ya miwili. Wa kwanza huipa timu yake pointi 10, wa pili 9, hadi wa kumi anayeleta 1. Fani zote nne zikimaliza, timu tano za juu huendelea na programu ndefu, na pointi walizokuja nazo hubaki. Hapo wa kwanza hupata tena 10, na wa tano hupata 6. Jumla ya juu kabisa ni 80, na kila fani ina robo yake kamili. Jozi ina uzito uleule wa wanaume, na dansi uleule wa wanawake.

Kombe la Timu lina wanaume wawili kutoka kila nchi, wanawake wawili, jozi moja na wawili wa dansi, watu wanane kwa jumla. Wote huteleza programu zote mbili, hakuna anayechujwa njiani. Wanaume wako 12 barafuni, kwa hiyo wa kwanza hupata 12 na wa mwisho 1. Wanawake vivyo hivyo. Jozi ziko sita tu, lakini wa kwanza naye hupata 12, wa pili 11, na wa sita hupata 7. Soma tena hapo: wa mwisho hupata 7.

Ukifanya hesabu, nchi kamilifu kwenye Kombe la Timu ingepata pointi 140. Kati ya hizo, 92 zinatoka kwa wanaume na wanawake wa mmoja mmoja, na 48 zinatoka kwa jozi na dansi zikiunganishwa. Karibu theluthi mbili ya kombe iko mikononi mwa wanaoteleza peke yao.

Chukua nchi yenye jozi dhaifu mno. Kwenye Olimpiki jozi hiyo ikiwa ya mwisho katika programu fupi inaleta 1, na timu ikiponea chupuchupu kuingia tano bora, ikawa ya mwisho tena, inaleta 6. Pointi 7 kati ya 20; wamepoteza 13 katika shindano lenye jumla ya 80. Kwenye Kombe la Timu jozi hiyohiyo, ikishika mkia mara zote mbili, inaleta 14 kati ya 24. Wamepoteza 10 tu kati ya 140. Udhaifu ni uleule, ila huku ni jeraha, kule ni mkwaruzo.

Geuza sasa. Nchi yenye jozi na dansi nzuri lakini wanaume wawili wa mwisho kabisa itapata kwao pointi 3 kwa kila programu, wakati wengine wanaweza kufikia 23. Hasara yake ni pointi 40 katika fani moja. Hakuna jozi itakayofidia hilo.

Kwa maneno mengine, Olimpiki inaadhibu pengo, na Kombe la Timu linalipa wingi.

Korea Kusini ndiyo ushahidi hai. Beijing 2022 Cha Jun-hwan alimaliza wa tano kwa wanaume na You Young wa sita kwa wanawake. Nchi yenye watelezaji wa namna hiyo haikuwemo hata kwenye timu 10 za Olimpiki ile. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2023, Tokyo, Korea ikaingia Kombe la Timu kwa mara ya kwanza na kuondoka na fedha kwa pointi 95, nyuma ya Marekani iliyopata 120. Japani ikawa ya tatu kwa 94, nyumbani kwake, ikiwa na Kaori Sakamoto, bingwa wa dunia wa mwaka uleule, na jozi ya Riku Miura na Ryuichi Kihara, nao mabingwa wa dunia. Kweli, Shoma Uno, bingwa wao wa dunia kwa wanaume, hakuwepo. Lakini Korea ilikuwa na Cha na Lee Hae-in, wote wawili wametoka kuchukua fedha kwenye ubingwa wa dunia mwezi mmoja kabla, na nyuma ya kila mmoja wao mwenzake wa pili. Kwa hesabu ya Kombe la Timu, hao walitosha. Sidhani Korea ilipanda ghafla kiasi hicho katika miezi kumi na minne. Kilichobadilika sana ni kipimo.

Nani anateleza, na amechoka kiasi gani

Olimpiki inaruhusu timu kubadilisha watelezaji kati ya programu fupi na ndefu, katika fani zisizozidi mbili. Nchi tajiri wa vipaji hulifurahia hilo. Urusi Sochi 2014 ilibadilisha jozi na dansi, ikashinda kwa 75 dhidi ya 65 za Kanada. Marekani Beijing ilimtanguliza Nathan Chen katika programu fupi, ikampa Vincent Zhou ndefu, na kwenye dansi ikawapumzisha Hubbell na Donohue ili Chock na Bates wamalizie. Nchi ndogo haina wa kumpumzisha. Mtu wake ni yuleyule mwanzo hadi mwisho, kisha baada ya siku chache anarudi kwenye shindano lake binafsi.

Maana shindano la timu hufanyika kabla ya yale ya mmoja mmoja, na hilo lina gharama. Mrusi Yevgeni Plushenko aliteleza programu zote mbili za timu Sochi, akapata dhahabu. Siku chache baadaye, kwenye mazoezi ya kupasha moto kabla ya shindano la wanaume, mgongo ukamshinda, akajitoa. Wapo waliosema Urusi ilimtumia akaisha, na wapo waliosema alikwenda Sochi kwa ajili ya timu tangu mwanzo. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Kombe la Timu linakuja msimu umekwisha. Miguu imechoka, lakini hakuna kinachosubiriwa kesho yake. Wenye lugha kali huliita maonyesho. Naelewa kwa nini: wachezaji hukaa pembeni ya barafu katika vibanda vya timu zao, na kofia za ajabu, miwani ya plastiki na mabango, wakimpigia kelele mwenzao kana kwamba ni harusi. Lakini walioliita maonyesho mwaka 2017 walipaswa kuona aibu kidogo. Evgenia Medvedeva wa Urusi alivunja rekodi ya dunia pale Tokyo, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka pointi 240 kwa jumla, 241.31. Yuzuru Hanyu wa Japani aliharibu programu fupi akashika nafasi ya saba, akarudi kesho yake na programu ndefu ya pointi zaidi ya 200. Mtu hafanyi hivyo kwenye maonyesho. Labda huwafungua miguu kwamba hakuna tena cha kulindwa.

Matokeo, na siku unayoyapata

Lipo jambo moja ambalo Olimpiki haiwezi kujitetea nalo, au kwa haki zaidi, lililolipata shindano hilo na kuacha alama.

Beijing 2022, timu iliyoteleza kwa jina la kamati ya Olimpiki ya Urusi ilimaliza ya kwanza kwa pointi 74. Marekani 65, Japani 63, Kanada 53. Sherehe ya medali ikaahirishwa, kisha ikafahamika sababu: sampuli ya Kamila Valieva, msichana wa miaka 15, iliyochukuliwa 25 Desemba 2021, ilikuwa na trimetazidine, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni. Watu wakarudi nyumbani bila medali. Wiki zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Tarehe 29 Januari 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miaka minne kuanzia siku ile ya sampuli, na kufuta matokeo yake.

Ndipo hesabu ikaleta mzozo mpya. Valieva alikuwa ameshinda programu zote mbili, pointi 20. ISU ikaziondoa, Warusi wakabaki na 54. Kanada walikuwa na 53. Medali ya shaba ikaamuliwa kwa pointi moja, na pointi hiyo ilitegemea swali dogo: waliokuwa chini ya Valieva wapandishwe nafasi moja, au wabaki walipokuwa? Wakipandishwa, Kanada inapita. ISU ikawaacha walipokuwa. Kanada ikakata rufaa, ikashindwa. Marekani ikapewa dhahabu na Japani fedha tarehe 7 Agosti 2024, Paris, katikati ya Olimpiki ya majira ya joto, watelezaji wa barafu wamesimama juani wakipokea medali za majira ya baridi ya miaka miwili na nusu nyuma.

Ninasimulia hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha udhaifu wa mfumo wenye mtu mmoja kwa kila fani. Mmoja akifutwa, robo ya timu inatikisika. Kwenye Kombe la Timu, anayefutwa bado ana mwenzake wa pili katika wanaume au wanawake. Huo si ulinzi dhidi ya udanganyifu, na sidai hivyo, ila pigo lake ni dogo.

Kombe la Timu lenyewe liliwahi kusitishwa, kwa msiba. Lilikuwa lifanyike Aprili 2011. Tetemeko na tsunami vya 11 Machi vikaisimamisha Japani, hata ubingwa wa dunia uliokuwa Tokyo ukahamishiwa Moscow. Kombe likafanyika 2012, na tangu 2013 limefuata miaka isiyogawanyika kwa mbili, hivyo halikutani kamwe na mwaka wa Olimpiki.

Basi ulifuatilie lipi?

Ukiwa mgeni kabisa wa mchezo huu, anza na Kombe la Timu. Kila nchi unaiona mara mbili katika kila fani ya mmoja mmoja, hakuna anayechujwa, furaha ni nyingi, na kwa siku tatu utakuwa umewajua watu wengi. Ukipenda nyota zaidi ya nchi, pia ni hilo.

Kama unachotaka ni kujua nchi ipi imejenga mchezo mzima, ina makocha wa jozi, viwanja, na subira ya kulea dansi ambayo watoto wachache huikimbilia, Olimpiki ndiyo kipimo. Mimi niko upande huu. Kanada ya PyeongChang 2018, iliyoshinda kwa 73, ndiyo timu kamili zaidi niliyowahi kuiona: Chan kwa wanaume, Osmond akimwachia Daleman kwa wanawake, Duhamel na Radford kwenye jozi, Virtue na Moir kwenye dansi. Hukuona mahali pa kuishika. Kwa upande mwingine Marekani imeshinda Kombe la Timu mara sita katika tisa, kuanzia 2009 hadi 2025, na sehemu kubwa ya siri yake ni kwamba mwanaume wake wa pili angekuwa wa kwanza katika nchi nyingine nyingi.

Kuna la tatu pia, la vijana, kwenye Olimpiki ya Vijana. Kwa miaka mingi timu zake zilichanganya watoto wa nchi mbalimbali, jambo zuri kwa urafiki lakini lisilokusaidia kulinganisha mataifa. Liache kwa sasa.

Na kama una nchi yako moyoni, usisubiri mtu akuambie ina nafasi wapi. Baada ya ubingwa wa dunia unaofuata chukua karatasi, chora safu nne, andika katika kila moja watelezaji wake wawili bora na nafasi walizoshika. Safu mbili za mmoja mmoja zikiwa zimejaa, ina hoja kwenye Kombe la Timu. Safu zote nne zikiwa na jina angalau moja, ina hoja kwenye Olimpiki. Anza na safu ya jozi, itakuokolea muda.